Waliobaki Kwenye Benchi

Kigango chetu kilikuwa kusini mwa mji wa Shinyanga, kwenye mbuga za pamba na mtama. Padre alifika kila baada ya wiki sita hivi, pengine miezi miwili mvua ikiharibu njia. Jumapili nyingine zote tulikuwa na ibada bila padre. Mwalimu wa dini alisoma masomo, akahubiri kidogo, akatangaza ni nani amepotelewa na ndama. Wanaume wachache waliokuja walikaa nje kwenye kivuli cha mwarobaini wakisubiri iishe. Ndani walijaa akina mama na watoto.

Siku padre alipokuwapo ndipo mtoto angeweza kuona jambo ambalo siku nyingine halikuonekana. Ikifika saa ya Komunyo, wengine walipanga mstari na wengine walibaki kwenye benchi. Waliobaki hawakuwa walevi wala wezi. Walikuwa wale wale waliofagia kanisa Jumamosi, waliosiriba sakafu kwa udongo na samadi, waliotufundisha Salamu Maria na Amri Kumi kwa kuturudisha nyuma mpaka zikae kichwani. Mama yangu alikaa benchi la pili kutoka mlangoni, mikono mapajani, akitazama mbele. Alikaa hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Alikuwa amebatizwa akiwa msichana, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, na mapadre wamisionari. Mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani walianza kufika upande wa mashariki wa Ziwa Victoria mwaka 1946, na mwaka 1956 Shinyanga ikawa jimbo kamili chini ya Askofu Edward McGurkin. Mama alisoma katekisimu, akapata kipaimara, na muda si mrefu babu akapokea ng'ombe kutoka kwa mtu aliyekuwa tayari na mke. Mtu huyo ndiye baba yangu. Kwa Wasukuma ilikuwa ndoa halali kabisa, ng'ombe walihesabiwa mbele ya wazee. Kwa Kanisa haikuwa ndoa, na aliyekaa ndani yake hakuweza kupokea sakramenti mpaka atoke. Kutoka kulimaanisha ng'ombe warudi na watoto wabaki kwa baba. Baba mwenyewe hakuwa Mkristo, hivyo hakuna alichonyimwa. Adhabu ilimwangukia yule ambaye hakuna aliyemuuliza anataka nini. Mapadre wengi wamenieleza sheria hiyo, baadhi kwa upole mkubwa, na ninaielewa. Bado nasema ilikaa vibaya.

Sijawahi kumsikia akiilalamikia. Alichofanya ni kuingia kwenye kila pengo ambalo sheria hiyo haikuliziba. Surua ilipopita mwanzoni mwa miaka ya sabini, watoto walikuwa wakifa kabla padre hajafika, na Kanisa linaruhusu mtu yeyote kubatiza pale kifo kinapokaribia, mradi awe na maji, aseme maneno yake na atake kufanya linachofanya Kanisa. Basi waliitwa akina mama wa benchi, kwa sababu ndio waliojua maneno bila kubabaika. Mama alibatiza watoto wa jirani usiku, kwa kibuyu cha maji ya lambo, akawapa majina, asubuhi akaenda kumsimulia mwalimu wa dini ili ayaandike. Padre alipofika aliyanakili kwenye kitabu cha ubatizo cha parokia. Nilikuwa mkubwa ndipo nikaona ajabu yake. Yeye ambaye hakuruhusiwa kupokea sakramenti alikuwa akitoa sakramenti, na waliomwekea kizuizi ndio walioiandika kitabuni kwa wino kuwa ni halali.

Mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji. Kaya zilizotawanyika zilisombwa kwenda kupangwa kwa mistari, na kanisa letu la matofali mabichi likabaki nyuma peke yake, kama mwendo wa saa nzima kutoka kijiji kipya. Mabati yaliibwa, kuta zikanyeshewa. Ibada zikahamia nyumbani kwa mjane mmoja, na huko, nadhani, ndiko jumuiya yetu ilikoanzia kabla haijaitwa hivyo. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1973 na tena 1976 wakaamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogondogo za Kikristo, nyumba chache zinazosali pamoja na kusaidiana. Agizo lilitufikia kwa karatasi kutoka parokiani. Akina mama waliposomewa walitazamana, kisha mmoja akauliza maaskofu walikuwa wamepata habari zao kutoka kwa nani.

WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, nao ulikuwa umeundwa mwaka 1972, lakini kwetu ulichelewa. Vitenge vyenye picha ya Bikira Maria vilivaliwa mjini Ngokolo, kwenye kanisa kuu, miaka mingi kabla ya sisi kuviona. Huku kijijini sare ilikuwa khanga yoyote isiyotoboka.

Baba alifariki mwaka 1984, katika ule ukame uliomaliza ng'ombe wengi. Alikufa bila ubatizo, kwa hiari yake; alisema angependa kwenda waliko wazazi wake. Mama alimlilia inavyotakiwa, akakaa matanga mpaka yakaisha. Pasaka iliyofuata alikwenda kuungama, na padre alipotoa Komunyo akasimama pamoja na wengine. Mimi nilikuwa nimerudi likizo, nilikuwa nyuma yake mstarini. Nilitegemea machozi. Jioni nikamuuliza alijisikiaje. Akasema magoti yalimuuma, na kwamba mwalimu alianza wimbo kwa sauti ya juu mno, wanawake wakashindwa kuufikia. Baada ya hapo akanituma nikafunge ndama.

Sikuwa naishi kijijini tena. Nilikuwa mwalimu wa UPE, mmoja wa vijana waliochukuliwa baada ya darasa la saba kuziba pengo la walimu pale elimu ya msingi ilipotakiwa iwafikie watoto wote mwaka 1977. Tulisoma ualimu huku tukifundisha. Nilipangiwa wilaya ya Geita, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya mkoa wa Mwanza. Kwa hiyo mengi ya yaliyofuata niliyaona nusu, nikija likizo na kuondoka.

Lililofuata lilikuwa suala la kurithiwa. Mdogo wa baba alikuja na wazee wawili, wakakaa, wakanywa maji, wakaeleza kwamba mama wa watoto wao asiachwe bila mtu. Haikuwa kauli ya ukatili. Kwa desturi ndivyo mjane alivyotunzwa. Lakini mdogo wa baba alikuwa na wake wawili, na mama alifanya hesabu haraka kuliko wote waliokuwapo. Akikubali, anarudi benchi la pili kutoka mlangoni. Akawaambia, "Wabeja, asanteni, baba zangu. Mimi nimeshakula." Wazee walidhani anazungumzia chakula cha mchana. Mke mkubwa wa baba, ambaye hakuwa Mkristo na hakuwa rafiki wa mama hata kidogo, alielewa, nikamwona akiinamisha uso akificha kicheko.

Shamba ambalo mama alikuwa akililima lilikuwa zuri, karibu na lambo. Nalitaja kwa sababu lina kazi katika hadithi hii.

Mwaka 1986 mtoto wa boma la mdogo wa baba aliugua homa akafa. Wakaenda kupiga ramli. Ramli ikasema ni mwanamke, mjane, mwenye macho mekundu.

Hapa inabidi nieleze macho mekundu, kwa sababu vijana wa Geita mjini ninapowasimulia hawaelewi. Wakati wa ukoloni vichaka vya Usukuma vilifyekwa kwa mpango ili kuua mbung'o, halafu wakulima wakaendelea kufyeka kwa ajili ya pamba, na mifugo ikala kilichochipua. Nilipokuwa mtoto mwanamke aliweza kutembea nusu siku bila kupata mzigo wa kuni. Kwa hiyo akina mama walipikia miti ya pamba ikiisha kuvunwa, na ikiisha hiyo walipikia mavi makavu ya ng'ombe. Moshi wake ni mzito na unakaa chini. Mwanamke aliyepika hivyo ndani ya jiko lisilo na dirisha tangu usichana, akifikisha miaka hamsini macho yake yalikuwa mekundu yakitoa machozi. Kila mzee wa kike Usukumani alikuwa na macho hayo. Ilikuwa alama ya kulisha watu. Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka huohuo wa 1986, watu wakarudisha ngitili zao, yaani malisho yanayohifadhiwa, na miti ikaota tena, lakini macho yalikuwa yameshaharibika na ramli zilikuwa zimeshapigwa.

Mauaji hayakuwa tetesi. Hesabu za serikali kwa miaka ya 1970 hadi 1984 zilionyesha watu zaidi ya 3,600 waliouawa nchini kwa tuhuma za uchawi, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, na zaidi ya nusu ya vifo vyote vikiwa Usukumani. Kulikuwa na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, wakata mapanga. Sungusungu, jeshi la jadi lililozaliwa upande wa Kahama mwanzoni mwa miaka ya themanini, lilikomesha wizi wa ng'ombe kwa kiasi ambacho polisi hawakuwahi kukifikia, na watu walilishukuru kwa haki. Lakini katika vijiji kadhaa lilianza pia kuwaita vikongwe barazani kuwahoji uchawi.

Mama aliamka asubuhi moja akakuta kipande cha karatasi ya daftari kimebanwa mlangoni. Kiliandikwa kwa mwandiko mzuri wa shule. Kilimtaka ahame kabla ya mavuno.

Hakuhama. Alikwenda na karatasi ile kwenye jumuiya, siku ya Alhamisi, na baada ya sala ya mwisho akaisoma mbele ya wenzake. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mnene aliyekuwa na kituo cha kuuzia michembe barabarani, akasema watalala kwake kwa zamu. Hakukuwa na mjadala mrefu. Walipanga zamu kama walivyopanga za kufagia kanisa.

Nilifika likizo ya Desemba nikakuta zamu zimeshazoeleka. Ningependa kusema ulikuwa mkesha wa sala, na kweli walianza na rozari, matendo yote. Lakini baada ya rozari walipukuchua mahindi, walichambua pamba, walisengenya, wakacheka kwa sauti. Mafuta ya taa yalikuwa adimu miaka ile, duka la ushirika lilikaa wiki bila hata tone, na bado kila mmoja alikuja na yake kidogo kwenye kichupa cha dawa ili kibatari kiwekwe nje ya mlango kiwake mpaka alfajiri. Mtu akipita njiani, hata akipita mbali, mmoja wao alitoka akamsalimu kwa jina. "Mwadila, baba fulani! Umetoka wapi usiku huu? Wasalimie nyumbani!" Kisha alirudi ndani akawaambia wenzake nani amepita. Mke wa kamanda mmoja wa Sungusungu alikuwa mwanajumuiya, na alilala kwetu siku za zamu yake kama wengine. Mumewe alikasirika, nasikia, lakini alishindwa kutuma watu kwenye nyumba aliyolala mkewe.

Nimesikia mahubiri juu ya nguvu ya rozari, na siyapingi. Nilichokiona mimi ni kwamba muuaji wa Usukumani alihitaji giza na alihitaji asijulikane, na akina mama wale walimnyima vyote viwili. Mama mwenyewe alisema kazi ilikuwa ya Bikira Maria. Sikubishana naye, wala sidhani kauli zetu mbili zilipingana sana.

Kijiji cha pili kutoka kwetu kulikuwa na mwanamke mwingine, mjane pia, aliyekuwa mkatekumeni na alikuwa abatizwe Pasaka. Huko hakukuwa na jumuiya. Familia za Kikristo zilikuwa mbili, tena mbalimbali. Alikatwa usiku, jikoni kwake. Hakuna aliyeshtakiwa. Maziko yake yalikuwa ya watu wachache, maana kwenda kumzika aliyeuawa kwa uchawi ni kujitangaza. Akina mama wa jumuiya yetu walitembea mpaka huko, wote, mama yangu akiwa mbele na macho yake yale yale, wakaimba njia nzima ili waonekane. Mwalimu wa dini aliongoza sala. Nilibeba jembe.

Baada ya mavuno ya 1988 nilimshawishi mama aje kwangu. Alikubali kwa sababu moja tu, mgongo wake ulikuwa hauwezi tena shamba. Mdogo wa baba alilipata lile shamba la lambo.

Geita aliyoikuta haikuwa na mipango. Wajerumani waligundua dhahabu huko mwishoni mwa karne ya 19, mgodi wa Waingereza ukachimba kuanzia miaka ya thelathini, ukafungwa 1966, na sisi tuliokuja baadaye tuliwakuta wachimbaji wadogo wakirudi kwenye mashimo ya zamani na kufungua mapya. Nilikuwa nafundisha upande wa Nyarugusu. Darasa langu la sita lilikuwa na wanafunzi wengi kwenye daftari la mahudhurio kuliko kwenye madawati. Waliobaki walikuwa maduarani, yaani kwenye mashimo ya dhahabu, wakibeba mawe. Mwaka 1990 Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu kutoka kwa wachimbaji wadogo bila kuwauliza wameitoa wapi, kambi zikafura. Watu walitoka Tabora, Mara, Kigoma, Singida. Waliishi chini ya maturubai, wakajiita majina ya utani, na wengi hawakutaka kujulikana kwao ni wapi.

Wanawake hawakuruhusiwa kusogelea duara. Iliaminika dhahabu inakimbia. Kwa hiyo walikaa pembeni wakiponda mawe kwa nyundo na vinu vya chuma kutwa nzima, vumbi likiwafanya weupe mpaka kope, wakaosha unga wake kwenye mialo, wakachanganya zebaki kwa mikono mitupu na kuichoma kwenye jiko la mkaa lile lile la kupikia. Leo kila mtu anajua zebaki ni sumu. Wakati ule hatukuambiwa na mtu. Mama aliuza uji na viazi kwa waponda mawe, na ndani ya miezi michache alikuwa ameanzisha jumuiya chini ya turubai la muuza mitumba mmoja.

Jimbo la Geita lilikuwa changa, limekatwa kutoka Mwanza mwaka 1984, na Askofu Aloysius Balina alikuwa na mapadre wachache kwa nchi pana. Kambi yetu haikuwa hata kigango. Mama hakuona hilo kuwa tatizo. Alikuwa ameishi maisha yote hivyo.

Jambo la kwanza alilofanya lilinishangaza. Alininyang'anya daftari la mazoezi, la kurasa themanini, akamweka msichana mmoja wa darasa langu awe mwandishi, na kila kijana aliyekuja kunywa uji aliulizwa maswali matatu. Jina lako la nyumbani nani. Kijiji gani. Kanisa gani, na kama huna kanisa, nani akutafute. Wengine walicheka, wengine walidanganya. Mama aliwapa uji, na siku ya tatu au ya nne aliuliza tena, mpaka jibu likabadilika. Waislamu waliandikwa, Wasabato waliandikwa, wasio na dini waliandikwa na jina la chifu wa kwao. Mwenyekiti wa kamati ya mgodi alimjia akidhani anakusanya habari za kodi. Akamwambia, "Mwanangu, wewe mwenyewe sijakuandika."

Masika moja duara liliporomoka. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi, matimba yalikuwa yameoza, na ukuta ulishuka alfajiri watu wakiwa chini. Walitolewa mmoja mmoja, wakalazwa kwenye nyasi. Wenzao walijua majina kama Simba, Kisu, Dola. Hakuna aliyejua zaidi ya hayo. Ofisi ya kijiji ilikuwa inajiandaa kuwazika kaburi moja ili kuwahi jua. Mama akaja na daftari. Alikaa kwenye kigoda karibu na miili, msichana akisoma, watu wakitambua: huyu wa Urambo, huyu wa Tarime, huyu mama yake yuko Kasulu. Akina mama wakaosha miili, wakashona sanda kwa khanga zao. Vijana wakachimba makaburi ya mmoja mmoja. Mimi niliandika matangazo, nikayapeleka mjini yatumwe Radio Tanzania yasomwe kwenye matangazo ya vifo, kila moja na jina kamili, jina la baba na kijiji. Ndugu wa baadhi yao walifika, wengine baada ya mwezi. Mzee mmoja kutoka Kigoma alipoonyeshwa kaburi la mwanawe lenye kibao, alimpigia mama magoti, jambo ambalo mwanaume wa umri wake hamfanyii mwanamke, na mama akaona aibu kubwa akamwinua haraka.

Septemba 1990 Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja Tanzania, na Mwanza ilikuwa mojawapo ya miji aliyoifikia. Jumuiya ya turubai ilichanga, ikakodi nafasi kwenye lori lililokuwa limebeba magunia. Walikwenda wakiimba mpaka Busisi, wakakaa foleni ya kivuko usiku mzima, wakavuka kwenda Kigongo. Siku hizi kuna daraja, lilifunguliwa Juni 2025, unavuka kabla hujamaliza sala moja. Wakati ule kivuko kilikuwa safari ndani ya safari. Nilikwenda nao. Papa tulimwona kwa mbali, mtu mweupe mdogo. Mama aliporudi, watu wakimuuliza habari za Papa, alisimulia zaidi habari za mwanamke wa Ukerewe aliyekaa naye kwenye nyasi, ambaye alikuwa mke wa tatu, hakupokea Komunyo, na alikuwa amesafiri kwa mtumbwi na kwa miguu kuja kuketi pale. Walibadilishana khanga. Aliivaa ile khanga mpaka ikafifia maandishi.

Miaka iliyofuata mambo yalikwenda mbio. Kambi ikapata kigango, kisha mabati, kisha kengele. Kampuni kubwa zilikuja, Mgodi wa Dhahabu wa Geita ukafunguliwa mwaka 2000, wachimbaji wengi wakaondolewa sehemu walizozizoea, wakatafuta kwingine. Mama alifariki mwaka uliofuata, kwa kifua. Alikuwa amevuta moshi wa samadi sehemu kubwa ya maisha yake na vumbi la mawe sehemu iliyobaki. Daktari alisema ni uzee.

WAWATA walipoadhimisha miaka 50 mwaka 2022, Uwanja wa Mkapa kule Dar es Salaam ukajaa akina mama wenye vitenge vya sare. Niliangalia kwenye televisheni ya mjukuu wangu. Nilifurahi kwa dhati. Nilitamani pia kamera ingekaa kidogo kwa wale wazee waliokaa vivulini pembeni, kwa sababu najua jinsi mtu aliyezoea benchi la nyuma anavyochagua mahali pa kukaa hata anapokuwa mgeni wa heshima. Na jambo moja linaniudhi katika shukrani zetu za siku hizi: kila Siku ya Mama Duniani, mwezi Mei, wanaume wa parokia yetu wanawapa akina mama soda na maua ya plastiki, na Jumamosi inayofuata kwenye jumuiya wanaume hao hao hawaonekani.

Mwezi wa Novemba parokia yetu hapa Geita hugawa bahasha za kuwaombea marehemu. Mimi huandika majina ya akina mama wa kule Shinyanga, wote ninaowakumbuka. Mwaka juzi kijana wa ofisi, anayeyaingiza kwenye kompyuta, alinipigia simu. "Shikamoo mwalimu. Kuna jina moja hapa halina la ubatizo." Nikamwambia halina, huyo alikuwa mkatekumeni, aliuawa kabla ya Pasaka yake. Akauliza kama anaruhusiwa kumwingiza kwenye orodha ya waamini. Nikamwambia amuulize padre. Alinipigia tena kabla ya saa sita: padre amesema mkatekumeni anayekufa akiutamani ubatizo Kanisa linamhesabu kuwa wake, aingizwe, na jina lake la Kisukuma liachwe kama lilivyo. Akanisomea alivyoliandika. Alikuwa amekosea herufi mbili. Nikamtajia tena, polepole, naye akaandika.